Naamka saa 10 alfajiri lakini kazini nasinzia

SWALI: Shangazi hujambo? Niko Free Area hapa Nakuru, nafanya kazi ya mikopo kwa sacco. Ripoti zangu huchelewa kila wiki na bosi ameanza kunitaja kwa mkutano. Nikaamua niwe naamka saa 10 alfajiri nimalize kazi kabla ya kutoka, siku tatu nikaweza, ya nne nikazima alamu bila hata kujua na sasa nasinzia mbele ya wateja. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mwanangu. Umeniambia unaamka saa ngapi lakini hujaniambia unalala saa ngapi. Kama ni saa 6 usiku basi hayo ni masaa manne, na mtu mzima anahitaji 7 au zaidi, kwa hivyo usijiite mvivu, mwili unadai deni lake.

Sasa hiyo saa 10 achana nayo kabisa. Kama ulizoea saa 12 na nusu, weka alamu saa 12 na robo ukae hapo siku tatu nne, halafu utoe dakika 15 zingine, na kila ukitoa asubuhi utoe na usiku pia kama dakika 20, mpaka unafika saa 11 huku umelala saa 4. Ni kama wiki tatu hivi. Najua mechi za Ulaya zinaanza saa 4 ama saa 5 usiku, hizo matokeo utayapata asubuhi. Na chai ya majani isipite jioni, maana hata baada ya masaa matano karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Nakuru jua linatoka karibu saa 12 na nusu na baridi ya mwezi wa saba unaijua, kwa hivyo sweta iwe hapo kitandani, simu iwe mbali juu ya kabati, ukiinuka kuizima washa taa hapo hapo. Usianze na hesabu, akili huchukua nusu saa hivi kuamka. Jua likitoka simama nje kidogo, mwangaza ndio hupanga saa ya mwili. Jumapili usipitishe saa yako ya kuamka kwa zaidi ya lisaa limoja.

Lakini mwanangu, kama ripoti inachelewa kwa sababu wenzako wanakuletea hesabu Ijumaa jioni, hapo hata uamke saa 8 usiku haitasaidia, mwone bosi mapema umweleze.