Malaika wenye matundu, mnara uliojisokota: majibu kuhusu makanisa ya kale ya Uingereza

Tangu nigusie makanisa ya vijijini Uingereza katika safu hii, maswali hayajakoma. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

Altare za makanisa yale ziko mashariki. Ni kama kibla? (Msomaji, Tanga)

Zinakaribiana, lakini si kitu kimoja. Kibla ni mahali, na popote ulipo utaelekea Makka. Makanisa haya yanafuata upande tu: mashariki, jua linakochomoza, ambako Wakristo wa kale waliamini Kristo atatokea atakaporudi. Ukifika kanisa usilolijua, tafuta mnara. Mara nyingi uko magharibi, na altare iko mwisho wa pili.

Nimesikia kuna kanisa ambalo malaika wa darini walipigwa risasi. Nani mwenye roho ngumu kiasi hicho? (Msomaji, Morogoro)

Hilo ni kanisa la Utatu Mtakatifu, Blythburgh, katika jimbo la Suffolk. Ni kubwa kupita kiasi kwa kijiji kile, limesimama peke yake kando ya vinamasi. Juu, katikati ya paa, malaika wa mbao wametandaza mabawa, na rangi zao za kale bado zinaonekana kwa mbali. Ukiwatazama vizuri utaona wana matundu, na ndani ya mbao zilikutwa chembe za risasi.

Kwa miaka mingi lawama zote alibebeshwa William Dowsing. Wakati wa vita vya Mfalme na Bunge alipewa kazi ya kuondoa sanamu na picha makanisani, akaifanya kwa bidii ya kutisha. Alifika Blythburgh tarehe 9 Aprili 1644, na katika kumbukumbu zake mwenyewe ameandika kwamba aliagiza makerubi 20, yaani malaika, washushwe. Kesi ikaonekana imekwisha. Lakini risasi zenyewe zilipochunguzwa zilionekana ni za baadaye, na hesabu za wazee wa kanisa za karne ya 18 zinaonyesha watu waliolipwa kuua kunguru wadogo waliojazana darini. Kwa hiyo malaika waliumia kwa makosa ya kunguru. Wakazi wa Dar es Salaam, nyinyi mnaelewa hasira ile.

Ukiwa hapo usitazame juu tu. Ncha za mabenchi zimechongwa dhambi za watu: mlafi na kitambi chake, mvivu kitandani, bahili amekalia kasha lake la fedha. Fikiria kumsikiliza padri umemshika mlafi begani! Mlango wa kaskazini una alama nyeusi za kuungua. Wenyeji watakwambia ni kucha za mbwa mweusi wa shetani aliyeingia siku ya dhoruba ya tarehe 4 Agosti 1577. Dhoruba ilikuwa ya kweli, mnara uliporomokea ndani na watu wakafa. Mbwa ni nyongeza yao wenyewe.

Mnara wa Chesterfield ulipindaje? (Fundi seremala, Mwanza)

Fundi, utacheka. Mnara ule wa kanisa mjini Chesterfield, wa karne ya 14, una urefu wa kama mita 69 hadi nchani. Ncha imejisokota takriban digrii 45 na kuinama karibu mita 3. Inaelekea mbao zilitumika zikiwa mbichi, tena bila mihimili ya kutosha ya kuzishika kwa ndani. Baadaye zikavikwa risasi ya zaidi ya tani 30. Hapo tena risasi, ila hii ni ile metali ya mabamba. Jua hupasha upande wa kusini zaidi, risasi inatanuka upande mmoja, na mti mbichi unaokauka hauna wa kuubishia. Watani wa mji wana maelezo yao: mnara uligeuka kumtazama bibi harusi bikira, na utanyooka akitokea mwingine.

Kwa nini visima vya ubatizo vina mifuniko, vingine vyenye kufuli? (Msomaji, Masasi)

Wizi. Maji yaliyobarikiwa yalikaa katika mabeseni hayo ya kubatizia muda mrefu, na watu waliyachota kwenda kufanyia uganga. Mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza visima vifunikwe na kufungwa. Mafundi walipopata sababu ya kutengeneza mfuniko, hawakujua pa kuishia. Ule wa Ufford, Suffolk, una mita 5 na ushei, na sehemu ya chini huteleza kupanda juu ya ile ya juu ili mtoto abatizwe. Dowsing alipita huko pia, akauacha.

Mbona kuta ni nyeupe tupu? Waingereza hawakupenda picha? (Msomaji, Nairobi)

Walizipenda sana. Kuta zilijaa rangi, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Mageuzi ya dini ya karne ya 16, yaliyopinga picha makanisani, ndiyo yaliyoleta ndoo ya chokaa. Katika kanisa la Utatu Mtakatifu, Coventry, Siku ya Hukumu ilichorwa miaka ya 1430 juu ya tao lililo mbele ya altare, ikafunikwa, ikagunduliwa 1831. Waliojaribu kuihifadhi wakaipaka vanishi iliyogeuka nyeusi, na ikapotea mara ya pili. Ilionekana tena mwaka 2004. Kwa maoni yangu chokaa iliitunza kuliko vanishi.

Kuingia ni bei gani? (Msomaji, Muscat)

Mengi ni bure mchana, na sanduku la sadaka liko karibu na mlango. Mara nyingi utakuta kikaratasi kinachokuomba ufunge mlango nyuma yako, ndege wasiingie.