Mwaka wa pili ndani ya Hiace na mama watoto: kwa mkuu anayestaafu Desemba

Mkuu, umeuliza kama mstaafu na mkewe wanaweza kuuza nyumba ya Mbezi, wakanunua Coaster na kuhamia barabarani moja kwa moja. Nakujibu kwa sababu sisi tumefanya nusu ya hilo. Nyumba yetu ya Tabata hatukuuza, ila gari tulinunua, na huu ni mwaka wa pili tunatoka miezi miwili mitatu, tunarudi, tunatoka tena.

Gari ni Hiace ya dizeli, injini ya 5L, zamani ilikuwa daladala. Viti niling'oa mwenyewe. Kitanda na makabati alitengeneza fundi wa Keko, ambaye siku ya kwanza alidhani natengeneza gari la kubebea maiti. Kitanda ni nne kwa sita. Miaka 34 tumelala sita kwa sita, kila mtu na ukingo wake. Sasa nikitaka kugeuka lazima nitoe taarifa kwanza.

Ukinunua gari lililokuwa la biashara, kabadilishe matumizi TRA, mamlaka ya mapato, zile namba nyeupe ziwe za njano, na ufute mstari wa ruti mapema. Mimi rangi niliichelewesha. Tumesimama Mlandizi kununua machungwa, mama mmoja akafungua mlango, akapandisha ndoo yake, akakaa kitandani: "Chalinze." Mama watoto akamkaribisha. Tukamfikisha, na nauli akataka kulipa.

Lakini hayo ni ya gari, na gari ndilo lililotusumbua kidogo kuliko vyote. Mimi nilikuwa fundi mitambo bandarini, leo zamu ya usiku, kesho ya mchana. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nikija kupiga hesabu, hatujawahi kukaa pamoja siku nzima kwa wiki mfululizo tangu tuoane. Safari ya majaribio ilikuwa Bagamoyo, karibu tu, na siku ya tatu tukagombana kwa ajili ya sufuria. Nilikuwa nimezipanga kwa ukubwa, kama spana. Yeye hupika bila kuangalia, mkono unakwenda penyewe, na siku hiyo mkono ukaenda ukakuta chumvi haipo. Nilinuniwa hadi tunarudi Tegeta. Nyumbani angeingia chumbani, mimi ningetoka barazani, yakaisha. Ndani ya Hiace utatoka uende wapi?

Dawa tuliyoipata ni hii: chai ya asubuhi ikishanyweka, kila mtu anashika njia yake hadi adhuhuri. Mimi natafuta kijiwe cha kahawa, yeye anakwenda sokoni hata kama hana cha kununua. Tukikutana mchana tuna habari za kupeana. Na jiko silishiki, labda niambiwe nibadilishe mtungi wa gesi.

Kuna jambo jingine ambalo video za Wazungu hazikuambii. Wao wanaegesha kando ya ziwa, hakuna anayewauliza. Hapa kwetu mgeni halali nje. Tulipita Korogwe kwa shemeji yangu, usiku tukaaga kwenda kulala garini, pale pale uani kwake. Asubuhi chai haikuletwa. Akasema, "Si mmekuja na nyumba yenu? Basi na chai mnayo." Ilibidi mama watoto aingie jikoni kuomba radhi. Tangu siku hiyo, kwa ndugu tunalala ndani, hata kama ni mkekani sebuleni, na gari linabaki kuwa kabati la nguo.

Kwa wasiotujua ni kinyume: wazee wawili kulala ndani ya gari kijijini kunatia shaka. Kule Lushoto tulikuja kugongewa kioo saa nne usiku na vijana wenye tochi. Sasa tukifika mahali kabla ya magharibi natafuta ofisi ya mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, najitambulisha, nauliza wapi pa kuegesha. Mara nyingi tunapewa uwanja wa shule, na mama watoto akishasema alikuwa mwalimu, tunaletewa na maji.

Afya ndiyo iliyonipa kazi. Mwenzangu anatumia insulini, na ile ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Nina sola ya wati 200 na betri ya Ah 100 inayolisha kifriji cha volti 12. Jua la Dodoma linatosha na kubaki. Lushoto ukungu ulikaa siku tatu, betri ikalala, nikaanza kuwasha injini ili tu dawa isiharibike. Sasa nina chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowanishwa, kwa ajili ya kalamu ya insulini iliyokwisha kufunguliwa, ile isiyohitaji friji ila haitaki joto kali. Kwenye hewa kavu ya Dodoma kinapoa vizuri. Dar sikitegemei hata kidogo. Hewa ina unyevu, maji hayakauki, chungu kinabaki kuwa pambo. Kabla ya kila safari tunapita kliniki, tunaomba dawa za kuzidi siku za safari.

Choo: hoteli za mabasi, vituo vya mafuta, misikiti. Usiku ndoo yenye kifuniko. Kuchimba dawa tuliwaachia vijana, magoti hayaruhusu.

Mlima Kitonga kule Iringa, gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo, usining'inie kwenye breki.

Kuhusu kuuza nyumba, mimi nisingeuza. Masika yote tuko Tabata, na wajukuu wanajua pa kutufuata. Kiinua mgongo kikiingia, chukua kwanza Hiace ya kuazima, lala nayo wiki moja Kigamboni na joto lile na mbu wale, ndipo uongelee Coaster.

Mama watoto amesoma swali lako hapa pembeni yangu. Kaona umeandika "nimeamua" mara tatu, anauliza kama mkeo mwenyewe ameshaambiwa.