Koti la ngozi ya sungura

Umeuliza kwa nini mwasi Pugachev anamsamehe ofisa kijana Grinyov katika riwaya "Binti wa Kapteni" ya Mrusi Pushkin (1836), ilhali maofisa wengine wa ngome aliyoiteka wananyongwa. Rudi kwenye ile dhoruba ya theluji ya mwanzoni mwa riwaya. Grinyov anampa mwelekezi njia asiyemjua koti lake la ngozi ya sungura. Koti linambana, nyuzi zinakatika mwilini, na mzee Savelich, mtumishi wa Grinyov, nusura aangue kilio. Yule mwelekezi ndiye Pugachev, kiongozi wa uasi wa 1773 hadi 1775, na hakusahau wema ule.

Ila mimi hapo kwenye mti wa kunyongea namtazama zaidi Savelich: anajitupa miguuni pa Pugachev na kuomba anyongwe yeye badala ya bwana wake mdogo. Utii wa namna hiyo hunitoa machozi kila nisomapo.

Baadaye Grinyov anashtakiwa usaliti, naye anakataa kumtaja mpenzi wake Masha, yule binti wa kapteni, mahakamani asije akaburutwa katika kesi. Basi Masha, binti mwoga aliyekuwa akishtuka kwa mlio wa bunduki, anafunga safari mwenyewe kwenda kumtafutia haki kwa Malkia Catherine wa Pili.