Bango la bei nje ya mgahawa: sumaku, velikro au reli?

SWALI: Ninaendesha mgahawa mjini Tanga, si mbali na bahari. Nahitaji bango la nje lenye majina ya vyakula na bei, ambalo wahudumu wangu wataweza kulibadilisha kila asubuhi bila kumwita fundi. Fundi mmoja amependekeza alukobondi yenye namba za sumaku. Mwingine anasema foreksi na velikro vitatosha. Bango litakuwa na upana wa mita 1.2 na litatazama mashariki. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Ndugu msomaji, pendekezo la kwanza halitafanya kazi kabisa, na ni heri ulijue hilo kabla hujatoa malipo ya awali. Alukobondi ni karatasi mbili nyembamba za alumini zilizobana plastiki katikati, na alumini haishikwi na sumaku. Stenlesi nayo isikudanganye kwa jina la chuma, kwa kuwa ile inayotumiwa sana kwenye masinki na meza za jikoni huishika sumaku kidogo mno au haiishiki kabisa. Unapokwenda dukani weka mfukoni sumaku ya mlango wa friji, uijaribu kwenye kila shiti unayoonyeshwa.

Sumaku inataka bati la chuma, na bati lenyewe liwe nene kiasi. Mwanzoni mwa kazi hii nilimtengenezea mteja bango la bati la geji 30, ambalo unene wake ni kama milimita 0.3, nikaona nimeokoa fedha. Asubuhi namba zilikaa vizuri. Kufikia jioni bei ya chai ilikuwa imeteleza hadi kwenye mstari wa maandazi. Sababu yake ni kwamba nguvu ya sumaku inayoandikwa kwenye pakiti ni ile ya kuibandua kwa kuivuta moja kwa moja, ilhali kwenye bango la wima uzito huivuta kuelekea chini, na huko huanza kuteleza kwa sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Bati jembamba, rangi na stika kila kimoja hupunguza tena mshiko. Kwa hiyo ukiamua kutumia sumaku, chukua geji 24 au nene zaidi (namba ya geji ikipungua, bati huwa nene zaidi).

Hata hivyo, kwa mahali ulipo nisingeichagua. Upepo wa kaskazi huja na chumvi, chumvi na unyevu hukwama kati ya mpira wa sumaku na rangi, na baada ya miezi michache utakuta kutu imechora umbo la namba. Zile sumaku ndogo zenye nguvu nyingi hupakwa nikeli, lakini koti hilo likichubuka nazo hushika kutu upesi. Lipo na jambo la usalama: mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya tumbo na kubana utumbo, na hiyo ni dharura ya kumkimbiza hospitali. Bango linalofikiwa na mkono wa mtoto lisiwe na vitu hivyo.

Kuhusu foreksi, yaani ubao wa plastiki ya PVC yenye povu, nitasema machache. Ni nyepesi, ni rahisi kukata na bei yake ni ya wastani, na ndani ya nyumba sina neno nayo. Lakini huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 60 za selisiasi, na ubao wa rangi ya giza unaopigwa na jua la asubuhi hadi saa sita unaweza kupata joto la kiasi hicho. Utapinda. Velikro, ule utepe wa kulabu na nyuzi unaobandikwa kwa gundi, nayo hujaa vumbi, na gundi yake huachia kabla ya kulabu zake kuchoka.

Ninachokushauri ni kuibakiza alukobondi ya fundi wa kwanza iwe mgongo wa bango, kwa sababu haiozi wala haivimbi kama mbao za MDF, kisha uifungie reli za alumini zenye umbo la U, zile ambazo mafundi wa madirisha wanazo. Bei ziwe kwenye vigae vya akriliki (plastiki ngumu iliyo kama kioo) ya milimita 3, ambayo hustahimili jua miaka mingi bila kugeuka manjano. Reli ya juu iwe na kina cha milimita 15 na ya chini milimita 8, na kigae kiwe kirefu kuliko uwazi unaoonekana kati ya reli hizo kwa milimita 12. Mhudumu hukiinua kigae ndani ya reli ya juu, hukisukuma nyuma, kisha hukishusha kwenye ya chini, kama tunavyopachika kioo cha kabati la vyombo. Upepo hauwezi kukiinua na kukitoa.

Acha nafasi ya milimita 3 au 4 mwishoni mwa kila mstari, kwa kuwa akriliki hutanuka kama milimita 2 kwa kila mita joto linapopanda nyuzi 30. Reli zifungwe kwa skrubu za stenlesi zenye washa za plastiki. Za shaba zisiguse alumini, hasa karibu na bahari. Vigae vioshwe kwa maji na sabuni tu, maana thina na spiriti huipasua akriliki nyufa ndogondogo ambazo hazitibiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wote wawili hawakukuuliza, nalo ndilo litakaloamua kama bango litatumika au litatelekezwa: ni kitu gani hasa kinachobadilika? Seti za herufi zinazotoka nje hupangwa kwa mahitaji ya Kiingereza, zikiwa na E na T tele. Andika WALI NA MAHARAGE uhesabu: herufi 14, na tano kati yake ni A. Mistari mitatu ya namna hiyo, A zimekwisha, na mhudumu anaanza kugeuza V juu chini. Usinunue herufi mojamoja. Kila chakula kiwe na kigae chake kimoja kirefu chenye jina zima, ambacho kisipopikwa siku hiyo hutolewa chote.

Bei nazo zina siri yake. Katika shilingi zetu tarakimu tatu za mwisho hazibadiliki sana, kwa hiyo tengeneza 000 na 500 kama vigae vizima, na tarakimu za maelfu pekee ndizo ziwe mbalimbali. Kwa vyakula kumi, 000 kumi na 500 kumi zinatosha. Tarakimu 1 hadi 9 ziwe nne nne, isipokuwa zile za bei zako za kawaida, ambazo zifike nane, na sufuri pekee ziwe chache kwa ajili ya 10,000 na 20,000.

Kimo cha maandishi kikadirie kwa sentimita 1 kwa kila mita mbili na nusu za umbali. Mteja anayesimama mita 10 kutoka mlangoni anahitaji sentimita 4, na ukitaka dereva wa bodaboda aliye ng'ambo ya barabara asome pia, panda hadi 6. Vigae vya akiba vikae kwenye sanduku lenye vyumba, ndani, karibu na kaunta.