"Bacteria was": wingi wa Kilatini ulivyoniumbua

Makala yangu ya kwanza ya utafiti ilirudi imejaa alama nyekundu, na nyingi hata hazikuhusu sayansi, ni "was" na "were" tu. Mhakiki kaizungushia "bacteria was isolated" halafu pembeni kauliza, kwani alikuwa mmoja tu? Nilicheka huku naona aibu.

Ishu ni kwamba kwa Kiswahili neno bakteria halibadiliki, umoja na wingi unabebwa na upatanisho, bakteria huyu, bakteria hawa, basi. Ukihamia Kiingereza unalibeba hivyohivyo, huoni s mwishoni unajua ni umoja, kumbe "bacteria" ni wingi tayari na mmoja ni "bacterium". Ndo hivyo pia "ovum" (yai la uzazi) na "ova", "vertebra" (pingili ya uti wa mgongo) na "vertebrae". "Criterion" na "criteria" wengi wanaziita za Kilatini, asili yake Kigiriki, ila mtego ni uleule.

Mi kilichonisaidia ni kujisemea sentensi kwa Kiswahili kwanza. Kigezo kilitumika au vigezo vilitumika? Kwenye ngeli hatukosei, nani aseme vigezo kilitumika! Ikija vi- naandika "criteria were", ikija ki- narudi kwa "criterion". Na chunga sentensi ndefu kama "the sequelae of the infection was" (sequelae ni madhara yanayobaki baada ya ugonjwa), hapo "infection" imekaa jirani na kitenzi inakuvuta, wakati kiima chenyewe kiko kule nyuma na ni wingi.

Kwa data sasa dawa hiyo haifanyi kazi, maana hata sisi tunasema data imeonyesha na data zimeonyesha. Asili yake ni wingi wa "datum", majarida mengi ya tiba bado yanataka "data were", kwingine umoja unapita. Soma maelekezo ya jarida lenyewe, ila usiweke "were" ukurasa wa 2 na "was" ukurasa wa 5.

Baada ya ile aibu nilipaniki nikageuza kila kitu, nikaandika "diabetes are" hahaha, wakati hiyo ni umoja na s yake, kama "rabies" na "herpes". Nikajitungia hadi "vira" kuwa wingi wa "virus", haipo, ni "viruses" tu. Siku hizi kabla sijatuma natafuta kwenye faili "bacteria", "criteria", "data" na "media", moja moja, naangalia kitenzi kinachofuata, dakika 10 nimemaliza.