Papa mdogo wa Feri: mgeuze chali kwanza

Mkuu, umeuliza kama yule "papa mdogo" uliyemnunua Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, ni mtoto wa papa au ni aina inayoishia hapo kwa ukubwa, maana shemeji kamtazama akasema huyo si papa kabisa. Pale mnadani "papa" ni jina la ukoo mzima, na majirani wamo humo humo.

Nimekaa miaka minne na mjomba wangu kwenye meza ya kupara samaki. Siku ya kwanza kununua mwenyewe nilileta papa wawili, kifua mbele. Mjomba akamgeuza mmoja chali, akacheka. Mipasuo ya mashavu, pale samaki anapopumulia, ilikuwa chini, upande wa tumbo. Huyo ni ndugu yake taa, yule samaki mpana: kichwa bapa kama sepeto, mkia wa papa mtupu. Papa mwenyewe mipasuo iko ubavuni. Mimi nilitazama mkia tu. (Tulimla na nazi, mtamu.)

Akiwa bado chali, tazama katikati ya mapezi ya kifuani. Ukikuta kovu dogo bichi, hicho ni kitovu. Ndiyo, kitovu! Pingusi, yule kichwa nyundo, na wenzake wengi hukua tumboni mwa mama kwa kondo kama sisi. Pingusi huzaliwa na nusu mita hivi, kwa hiyo mwenye kovu ni kichanga na mama yake anaweza kuvuka mita tatu. Halafu shuka kwenye mapezi ya nyuma. Dume ana vijiti viwili: vikiwa vifupi na laini bado mtoto, vikiwa virefu na vigumu ni baba mtu, hata kama hazidi mita moja. Wapo ambao wanaishia karibu na hapo.

Anayevuruga watu zaidi ni papa upanga. Yule mkubwa mwenye msumeno ni jamii ya taa, mashavu yako chini. Ila yupo papa wa kweli mwenye msumeno, mdogo, mashavu ubavuni, na sharubu mbili zinaning'inia kwenye msumeno wenyewe. Mwaka 2020 wanasayansi walitangaza aina mpya ya hao kutoka Zanzibar, Pliotrema annae, mwenye mipasuo sita kila ubavu badala ya mitano. Hapo tu ng'ambo, na mimi miaka yote ile sikuwahi kumwona mezani.

Harufu kama ya mkojo isikupe jibu. Papa na taa wote wana urea mwilini, na wakishakufa inageuka amonia. Mwagia maji ya moto, paruza ule mchanga wa ngozi, osha na ndimu.

Kama wako ameshaingia chunguni, basi tena. Ukinunua mwingine tuwekee picha ya tumbo, ya mkia kaa nayo.