Reseksheni ya hospitali na ya upimaji

Dada pole na mama, umeuliza kama reseksheni iliyoandikwa kwenye cheti chake cha hospitali ndiyo ile anayosoma kijana wako ya upimaji chuo cha ardhi, ni neno moja kabisa, la Kilatini resecare, kukata na kuondoa. Kwa mama ni kutoa kipande cha utumbo chenye ugonjwa, mara nyingi wanaunga pande zilizobaki. Kwa mpima ardhi hakikatwi kitu, tuseme amesimama Uyole, Mbeya, hana koodineti za hapo (namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani), anapima pembe kati ya alama tatu ambazo koodineti zake zinajulikana, mfano mlima Loleza, mlima Rungwe na mnara flani, mistari kutoka huko inakuja kukatana aliposimama. Ila kijana amwambie mwalimu amweleze vizuri duara la hatari, ukisimama kwenye duara linalopita alama zote tatu hesabu haitoi jibu.